Umeteuliwa Mkuu wa Shule kwenye kata ya ziwani? Anza na kipindi, ofisi itakusubiri

Haya, barua imetoka. Juzi ulikuwa mwalimu wa taaluma unabishana na ratiba, leo wewe ndo Mkuu wa Shule, simu haipoi, nusu wanakupongeza na nusu wanauliza kama kuna nafasi ya mpwa wao kujitolea. Hongera, na pole. Mimi kwenye hicho kiti nina mwaka wa tisa, shule mbili, zote za kata, zote mkoa wetu huu wa Mwanza, moja ukisimama getini unayaona maji na mitumbwi, nyingine maji huyaoni ila upepo ukigeuka harufu ya dagaa inakufuata mpaka ofisini. Naandika kuhusu shule za serikali za kutwa, kidato cha kwanza mpaka cha nne, hawa wa miaka kumi na tatu mpaka kumi na saba ambao utoto umewatoka na utu uzima haujawafika. Wa binafsi na wa bweni mtachukua mtakachoona kinawafaa.

Kozi ya uongozi nenda, ADEM wana kampasi hapahapa Mwanza, huna haja ya kufunga safari mpaka Bagamoyo, watakupa sheria, fedha na mipango. Ila kuna kitu kimoja kilinichukua karibu miaka miwili kukielewa na nakiweka hapa juu ili hata ukiishia hapa uwe umekipata: kazi ya mkuu ni kuhakikisha kipindi kilichoandikwa kwenye ratiba kimefundishwa, na mtoto alikuwepo, tena akiwa macho. Ujenzi, vikao, wageni, mapazia ya ofisi, vyote hivyo vipime kwa swali moja tu, vimeongeza kipindi au vimekula kipindi?

Hatua ya 1: Pokea shule, usipokee funguo tu

Mkuu anayeondoka atakuwa na haraka, fuso ya mizigo iko nje inamsubiri, atakupa bunda la funguo na karatasi ya kusaini. Usisaini. Kaa naye siku nzima hata mbili, pitieni stoo mhesabu vitabu, viti na meza, vifaa vya maabara, hati ya kiwanja kama ipo (mara nyingi haipo, basi andikeni kwamba haipo), mafaili ya walimu, vitabu vya fedha, halafu muulize swali ambalo watu wanaona aibu kuliuliza: tunadaiwa na nani? Mimi sikuuliza. Wiki ya tatu akaja mama mmoja na kaunta buku lake, magunia kumi na nne ya mahindi, saini ipo, mhuri wa shule upo, mi nikabaki natoa macho. Tulimaliza kumlipa mwaka uliofuata na kila akinikuta sokoni ananisalimia kwa sauti ya juu, "Shikamoo Mkuu!", wakati yeye ndo mkubwa kwangu, nikajua tu hiyo ni ankara.

Siku hiyohiyo anza kubadilisha watia saini wa akaunti ya shule. Barua inapita halmashauri, inaenda benki, inarudi ina kasoro, na muda wote huo hela ipo na huwezi kuigusa na chaki zinaisha.

Hatua ya 2: Kwa wiki mbili usibadilishe kitu, hesabu vipindi

Hapa ndo nataka utulie. Wakuu wengi wapya tukifika tunataka kuonekana tumefika, tunapaka rangi mawe ya getini, tunabadilisha sare ya Ijumaa. Acha. Chukua ratiba kuu, angalia kila mkondo una vipindi vingapi kwa wiki, halafu tafuta vingapi vimefundishwa kweli.

Jono la darasa, lile daftari la kusaini kila kipindi, lipo, najua, ila jono linaweza kusainiwa hata jikoni. Nilichofanya mimi niliita kikao kifupi stafu rum nikawaambia walimu ukweli, jamani natafuta tatizo simtafuti mtu, kila monita nitampa daftari dogo aandike mwalimu ameingia saa ngapi ametoka saa ngapi, na vipindi vyangu mimi mwenyewe vya Historia vitakuwa wa kwanza kuandikwa. Hili la mwisho usiliruke. Mkuu lazima uwe na vipindi hata vinne tu kwa wiki, vinginevyo unaongea na walimu kuhusu kazi ambayo hufanyi. Na hayo madaftari usiyafiche, walimu wakihisi watoto wamegeuzwa mashushushu umeshapoteza shule kabla hujaianza.

Nikupe mfano wa wiki moja, kidato cha pili B. Ratiba inasema vipindi 40. Vilivyofundishwa 27. Yaani 13 vimepotea, na mimi kichwani nilishaandaa barua za kujieleza. Tukakaa na Second, yaani makamu wangu, tukavifuatilia kimoja kimoja. Vinne mwalimu wa Fizikia alikuwa semina ya mtaala mpya. Vitatu mvua, bati halina siling'i, mvua ikipiga hata ukipiga kelele mtoto wa mbele hakusikii. Viwili ratiba imegongana, mwalimu mmoja kapangiwa madarasa mawili saa ileile na hakuna aliyeona toka Januari. Viwili mwalimu kaenda halmashauri kufuatilia daraja lake. Na viwili, Jumatatu na Ijumaa, kipindi cha kwanza, mstari wa asubuhi ulivuka muda.

Mstari ulivuka muda kwa sababu nani alikuwa anaongea? Mimi. Dakika 35 nahubiri nidhamu, watoto wamesimama juani, shule nzima mikondo 11, ukipiga hesabu ni karibu vipindi kumi nimekula peke yangu kabla ya saa tatu asubuhi. Uvivu wa walimu ulikuwepo kwenye mikondo mingine, sikatai, ila ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, na mwizi mkubwa ilikuwa suti yangu.

Tulivyorekebisha: mstarini dakika kumi, kengele ikigonga hata mimi nakatishwa katikati ya sentensi, na watoto walipenda sana hiyo sehemu. Ratiba ikapangwa upya Jumamosi moja. Mwalimu akipata safari anabadilishana kipindi na mwenzake kabla hajaondoka, sio baada, na akishindwa anaacha kazi kwa monita. Na tukawa na kitu tunaita kazi ya mvua, kila mwalimu ana karatasi za maswali ya kuandika kimyakimya zilizotangulia kuandaliwa, mvua ikianza zinagawiwa. Kalenda ina siku 194 za masomo kwa mwaka, na huku kwetu toa zile za mvua kubwa, mbio za mwenge, uandikishaji, chanjo, utaona kwanini nang'ang'ania dakika.

Hatua ya 3: Soma mwezi

Hii huwezi kuikuta kwenye kozi yoyote. Kama shule yako iko karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhushia samaki, mahudhurio yako yanafuata mwezi wa angani.

Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri, taa inaelea juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, wavu unapita chini. Sasa mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote lina mwanga na taa yako haina maana, kwahiyo wavuvi wanapumzika wakati wa mbalamwezi na wanaingia majini wakati wa giza. Mi nilizaliwa Kwimba kwenye pamba, haya sikuyajua. Niliona tu rejista inapanda inashuka bila sababu, siku kumi wavulana wapo, wiki mbili hawapo, nikawa nalaumu malaria.

Siku niliyoelewa nilikuwa napita darasani kidato cha pili, kipindi cha Baiolojia, nikamkuta kijana amelala kwenye meza, mdomo wazi, usingizi wa mtu aliyekufa. Mwalimu akataka kumwamsha kwa rula nikamzuia. Nikaangalia mkono wake. Kuanzia kifundo mpaka kwenye kiwiko kulikuwa na magamba madogo madogo ya dagaa yamekaukia kwenye vinyweleo, yanang'aa kama vumbi la chuma, na kidole gumba kina alama ya kamba, mbichi. Shati la sare alilivaa juu ya fulana iliyoloa. Kumbe katoka majini moja kwa moja, kashukia mwaloni saa kumi na mbili, akakimbilia shule. Yaani mtoto huyu alikuwa anapenda shule kuliko nusu ya waliokuwa macho.

Nikachukua rejista za miezi minne na kalenda yenye alama za mwezi, nikaziweka mezani sambamba. Zilikuwa zinafanana kama mtu na kivuli chake.

Kwahiyo fanya hivi. Nunua daftari, kila siku andika idadi ya waliohudhuria kwa kidato, wavulana peke yao na wasichana peke yao, pembeni chora mwezi ulivyo, giza au mbalamwezi. Miezi mitatu inatosha kuona sura. Halafu mitihani ya mwezi na majaribio yote unayoyapanga wewe yaweke mbalamwezi. Upimaji wa kidato cha pili na mtihani wa kidato cha nne huna mamlaka navyo, NECTA, baraza la mitihani, wanaweka Novemba au karibu na hapo na mwezi ukae unavyokaa, kwahiyo giza la Oktoba na Novemba ndo unatakiwa uwe mkali kupita kiasi, majina ya watahiniwa mkononi, simu kwa wazazi kabla ya saa tatu asubuhi.

Wasichana nao usiwasahau kwa sababu wao hawaendi majini. Dagaa wakishuka alfajiri lazima waanikwe mapema, na anayetandaza mchangani ni mama na binti yake. Ndo wale wanaofika saa mbili na nusu, miguu ina mchanga, mwalimu wa zamu anawasimamisha getini na kuwaongezea dakika nyingine arobaini za adhabu. Tuliacha hiyo. Aliyechelewa anaingia darasani kwanza, maelezo atatoa mapumziko.

Halafu shuka mwaloni wewe mwenyewe. Usimtume mtendaji, usiandike barua. Nilimwomba mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha kusimamia mwalo, anikutanishe na matajiri, wenye mitumbwi, tukakaa chini ya mwembe asubuhi ya mbalamwezi nyavu zinashonwa. Nikawaeleza. Tajiri mmoja akanijibu bila hasira, "Mwalimu, mimi sijamfuata mwanafunzi wako. Yeye ndo alinifuata, akaniambia kwao hawajala." Nikakosa la kusema kwa muda. Mwingine akapendekeza watoto waende Ijumaa na Jumamosi tu, nikakataa, mtoto wa miaka kumi na nne usiku katikati ya ziwa upepo ukibadilika hauulizi leo siku gani, na sheria yenyewe hainiruhusu kukubali. Mwishoe mzee mwenyekiti akasema maneno machache, "Mtumbwi ukikutwa na mtoto wa shule, tajiri aje kwangu, asiende kwa mwalimu." Hiyo sentensi ilifanya kazi kuliko barua zangu zote.

Na yule kijana? Kwao ni mama na wadogo wawili. Suala lao nikalifikisha kwa afisa ustawi wa jamii na mtendaji waangalie habari ya TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, chakula cha mchana shuleni tukamwingiza bila mchango. Akarudi. Giza la Oktoba akapotea siku nne. Akarudi tena. Novemba akakaa kwenye upimaji na akapita, kwa shida.

Hatua ya 4: Walimu, anza na salamu

Inawezekana una miaka 34 na kwenye stafu rum kuna mzee wa Jiografia aliyeanza kazi wewe ukiwa darasa la pili. Shikamoo yake itoe, kila siku, mbele ya watu, cheo hakipungui. Nilikuwa na mzee wa hivyo, anachelewa kipindi cha kwanza kila siku, na mkuu aliyepita alikuwa anamsema mstarini mbele ya wanafunzi. Mi nikamfuata nyumbani jioni, tukanywa chai, tukaongea habari za mvua na mpunga kwanza, ndo nikamwambia, "Mzee, kipindi cha kwanza kinanisumbua, nisaidie." Akacheka. Anatoka mbali, daladala mbili na boda. Tukamhamishia vipindi vyake kuanzia cha tatu. Hakuchelewa tena mpaka anastaafu.

Sio wote watakuwa hivyo. Kuna mwalimu ambaye shida yake ni pombe, kuna ambaye ana duka na shule ni kazi ya ziada. Kwa hao mkuu unayo mamlaka ya nidhamu kwa makosa madogo chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, tumia kwa utaratibu: ongea faragha, ongea mara ya pili mbele ya Second, halafu andika, na kila kitu kiwe na tarehe. Makosa makubwa yanapanda juu. Usiruke hatua kwa hasira maana faili litarudi na wewe ndo utaonekana huna utaratibu, na usifunike pia, hasa kama ni mwalimu na mwanafunzi wa kike. Hapo hakuna chai wala hekima ya wazee, unaripoti siku hiyohiyo.

Kuingia darasani kuangalia ufundishaji, fanya mara nyingi na kwa muda mfupi. Mimi naingia dakika kumi na tano, nakaa nyuma na watoto, naangalia daftari la jirani yangu zaidi ya ninavyomwangalia mwalimu, maana daftari linasema yote, kama toka Februari halijasahihishwa utaliona. Nikitoka namwambia mwalimu siku hiyohiyo kitu kimoja kizuri na kimoja cha kurekebisha. Kimoja, sio sita. Wathibiti ubora wakija na fomu zao ndefu wana kazi yao, wewe yako ni kurudi wiki ijayo kuona kama kile kimoja kimebadilika.

MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, usiigeuze kikao cha matangazo. Matangazo yabandike ubaoni. Wakikaa pamoja wakae kwenye somo, mwalimu wa Hisabati aonyeshe anavyofundisha logariti na wenzake wabishe. Na mambo ya PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi, kuna walimu inawatesa, simu ndogo, bando hamna, tafuta kijana mmoja mzuri wa kompyuta awasaidie alhamisi mchana, utapendwa bure.

Hatua ya 5: Kila mtoto awe na mtu

Wazee wa huku wakikusimulia shule watakwambia walisoma "mido skuli", darasa la tano mpaka la nane, zile shule za kati za enzi ya mkoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru. Marekani shule za kati wanazo mpaka leo, na mwaka 1989 baraza moja la Carnegie la mambo ya vijana lilitoa ripoti iliyosema kwamba watoto wa umri huu wanapotea kwenye shule kubwa, zigawanywe kuwa jumuiya ndogo na kila mwanafunzi awe na mtu mzima mmoja anayemjua vizuri. Wao wana shule ya watu mia kadhaa na wanalia, sisi mkondo mmoja una watoto themanini.

Dawa yake haina gharama, na shule zetu nyingi zinaijua: familia. Gawa shule nzima kwa idadi ya walimu, na wasio walimu wanaofaa wahesabu pia, kila mlezi apate ishirini na kitu, wamechanganyika wa kidato cha kwanza mpaka cha nne. Wanakutana mara moja kwa wiki dakika thelathini. Mlezi anajua nani amepanga geto, nani baba yake yuko visiwani Ukerewe anarudi mara moja kwa mwezi, nani amebadilika ghafla. Kosa nililofanya mwanzo niliacha familia zikawa vikundi vya usafi, kila zikikutana ni fagio. Mtoto hawezi kukuambia siri akiwa ameshika fagio.

Viboko. Kanuni iko wazi na wengi hatujaisoma: visizidi vinne, anachapa mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila tukio liandikwe kwenye kitabu. Sasa zunguka shule yako uhesabu fimbo ngapi ziko mikononi mwa walimu leo na ngapi zina maandishi. Mimi niliamua kitabu kikae kwangu na kibali nisimpe mtu. Walimu walinung'unika muhula mzima kwamba nidhamu itakufa. Watoro hawakuongezeka, kwanini waongezeke, wengi walikuwa wanakimbia fimbo yenyewe.

Msichana aliyejifungua ana haki ya kurudi, waraka upo toka mwaka 2021. Lakini waraka haumpokei mtu getini. Nenda wewe au mwalimu wa malezi nyumbani kwao, ongea na bibi atakayebaki na mtoto, panga siku ya kurudi, na waonye walimu mapema wasimfanyie utani wa kijinga. Mmoja alirudi kwangu kidato cha tatu, mama yake aliponiona nimekuja na boda kwenye tope alinishika mikono yote miwili, "Wabeja, wabeja sana," yaani asante kwa Kisukuma, mi nikawa najisikia vibaya maana ni kazi yangu.

Na kidato cha kwanza hawa, wametoka msingi kwa Kiswahili wanakutana na Kiingereza karibu kila somo. Wiki za mwanzo za kozi ya lugha zisiguswe. Kuna wakuu wanazitumia kukatia nyasi. Mpe kidato cha kwanza mwalimu wako bora wa Kiingereza, usimfiche kidato cha nne ili matokeo yapendeze.

Hatua ya 6: Wazazi na chakula

Kikao cha wazazi usikiweke siku ya gulio, wala asubuhi ya giza, hutapata mtu. Mbalamwezi, saa tisa alasiri, na ajenda isizidi tatu. Mimi niliwahi kukifanyia palepale mwaloni, wakaja baba ambao sikuwahi kuwaona shuleni.

Chakula cha mchana ndo mahudhurio ya mchana, hakuna siri nyingine. Ila mchango wa lazima hauruhusiwi na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya debe la mahindi, kwahiyo bodi na wazazi wakubaliane wenyewe, muhtasari uandikwe, na wapokee vitu. Kwetu wasio na mahindi walileta michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), walio na dagaa walileta dagaa, mwenye kuni akaleta kuni. Mapokezi yafanyike hadharani, mzani uwe wazi, daftari lishikwe na mzazi asiwe mwalimu. Siku wazazi walipoona daftari linashikwa na mwenzao michango ikapanda bila hotuba.

Hatua ya 7: Hela na ujenzi

Hapa napita haraka maana kozi itakufundisha. Elimu bila ada toka Januari 2016 imeleta ruzuku moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, ni kidogo ila inakuja. Bandika ubaoni kila inapoingia na ilivyotumika, stafu rum na nje ofisini. FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za shule, na NeST, wa manunuzi, jifunze mwenyewe, usimwachie karani peke yake nywila.

Ujenzi ndo mtego. Mwaka 2021 zilipokuja zile hela za UVIKO za madarasa 15,000 nchi nzima, wakuu tuligeuka mafundi, mchana kutwa kwenye mchanga na kokoto, nondo zimefika ngapi, sementi imelala wapi. Madarasa yalijengwa, na nashukuru. Vipindi je? Ukipata mradi, kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi ziwe za kweli, watu watatu watatu wanaojua kazi, wewe saiti nenda saa moja asubuhi na saa kumi jioni. Katikati hapo uko shule.

Hatua ya 8: Simu

Grupu la WhatsApp la wakuu litakutesa. "Taarifa ya upungufu wa madawati ifike kabla ya saa nane leo bila kukosa." Kesho yake hiyohiyo kwa fomu nyingine. Kaa na Second na mtaaluma, jazeni karatasi moja yenye takwimu zote wanazouliza kila siku, wanafunzi kwa jinsia, walimu kwa masomo, matundu ya vyoo, madawati, vitabu, muifanyie marekebisho kila Ijumaa. Simu ikiita Second anajibu, wewe uko darasani. Afisa elimu wangu mmoja alikasirika mara ya kwanza kwamba sikupokea mwenyewe, nikamwambia, "Samahani mama, nilikuwa na kipindi." Akanyamaza, akasema sawa. Toka hapo akawa anapiga mapumziko.

Uhamisho utakuja, na utakuja katikati ya muhula. Muda huo kumbuka yule mama wa mahindi. Andika madeni yote, hata ya sukari ya stafu rum, hesabu stoo kabla hujaulizwa, mafaili yapange. Funguo mpe mkuu mpya. Ila lile daftari la giza na mbalamwezi mwachie Second, amwonyeshe mkuu mpya baada ya miezi mitatu hivi, siku atakayomsikia anaanza kulaumu malaria.